Kulungu wa Saa Sita Mchana

Kila alfajiri mjomba aligonga mlango wa chumba cha wasichana. "Meneja, amka!" Nyumbani walimwita mpwa wake Meneja kwa kupenda kupangia watu kazi. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kukaa na mjomba kwenye ulingo, jukwaa la mbao lililofungwa juu ya mti. Mjomba alishika bunduki, yeye alishika darubini.

Baridi ilimkera. Asubuhi moja, usingizi ukiwa umembana, alizua jambo.

"Mjomba, jana nikiokota kuni nilimwona kulungu bondeni. Saa sita mchana!"

"Saa sita? Wewe!"

"Haki ya Mungu."

Mjomba alishangaa. Mchana kulungu hujilaza kichakani akicheua. Hutoka kula kunapopambazuka na jua linapokuchwa. Hata hivyo alimwamini. Kibali chake cha kuwinda kilikuwa kinakaribia kwisha, na nyumba nzima ilikuwa imechoshwa na maharage.

Basi wakapanda ulingoni mchana. Jua liliwachoma, nzi wakawasumbua, mjomba akalowa jasho mgongo mzima. Hata sungura hakupita. Waliposhuka mjomba alikuwa anayumba. Akaketi chini, akamaliza maji yote ya chupa.

"Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kibali," alisema. "Tutarudi saa hizihizi. Maadamu ulimwona, yupo."

Meneja alishikwa na aibu, machozi yakamlengalenga. "Mjomba, sikumwona. Nilitaka kulala tu."

"Loo! Kumbe umenibanika bure, mtoto wewe!" Mjomba akainuka kwa hasira, akatangulia kwenda nyumbani.

Alfajiri iliyofuata walipanda kukiwa bado giza, wakangoja mwanga utoshe. Kisha Meneja akamgusa mjomba bega. Kulungu dume alikuwa anakula majani ukingoni mwa msitu.

"Una hakika?" mjomba alinong'ona.

"Nina hakika. Ni dume, yuko peke yake, na nyuma yake hakuna mtu."

Risasi moja ilitosha.

Walipokuwa wanamchuna, Meneja aliuliza, "Bado umenikasirikia?"

"Ungesema umechoka, ningekuacha ulale, yaishe," mjomba alijibu. "Lakini kule juu mimi nafyatua kwa kutegemea neno lako. Siku ukiniambia hakuna mtu, na mtu yupo, tutamrudishaje? Sema kweli hata kwenye jambo dogo, mwanangu, ili kwenye kubwa nikuamini."

Meneja aliitika, akaendelea kushika mguu wa kulungu kwa mikono miwili.