Nani Aliifungua Diski?

"Kwa hiyo anakusubiri?"

"Nani?"

"Gosbert wako. Ameandika mwenyewe hapa chini: Devota, nakusubiri."

Mke wangu aliacha kupepeta mchele, akanitazama. Mkononi nilikuwa na karatasi ya faksi niliyoichomoa kwenye mkoba wake, na sikuona aibu hata kidogo. Nitasema mapema ili tusidanganyane: mimi Osward nina wivu, na wivu ukinipanda sisikii la mwadhini wala la padri.

"Anasubiri diski ya ofisi," alisema Devota.

"Kwa hiyo siku hizi diski inaitwa Devota?"

"Osward, usinitie hasira."

Ilikuwa mwaka tisini na nane, mvua za El Nino zikitushushia kila aina ya balaa. Pale Lipangalala, bati la ofisi ya mradi wa mpunga alikofanya kazi mke wangu lilivuja siku mbili bila mtu kujua, maji yakaingia kwenye kompyuta. Kwenye diski yake, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kumbukumbu, kulikuwa na majibu ya wakulima elfu nne wa bonde zima, kazi ya miaka mitatu, yote yameingizwa kwa vidole vya Devota. Fomu za karatasi zilikuwa zimeoza stoo. Disketi za akiba zilikuwa kwenye droo ya meza ileile, nazo zikaogelea. Mkuu wa mradi, Bwana Dionisi, alimkabidhi ile diski aitafutie fundi, akamwambia wazi kwamba majibu yale yasipopatikana, kazi hana.

Na mimi ni fundi redio. Kibanda changu kipo karibu na soko, watu wanatoka mpaka Mang'ula kuniletea redio kaseti zao. Sasa mke wa fundi anatafuta fundi! Waendesha baiskeli pale sokoni walikuwa wameshaanza kunichokoza: "Fundi, tumesikia nyumbani kwako kuna kazi imekushinda."

"Niambie basi," nilimwambia, "mafundi wote wa Tanzania, kwa nini yeye?"

Devota aliweka ungo chini.

"Nilipiga simu tatu. Wa Morogoro alisema nilete tu, nusu saa imekwisha. Nikamuuliza utafanyaje, akasema dada usijali. Wa pili alisema nitupe hiyo, anauza mpya. Gosbert wa Dar peke yake ndiye aliyeuliza maswali. Ililowa lini? Iliwashwa tena mara ngapi? Ilitoa mlio gani? Ofisini kwao wana chumba kisichoingia vumbi. Na hakuniahidi kitu."

"Asiyeahidi kitu ndiye uliyemchagua?"

"Kwa sababu hiyohiyo."

"Na yale aliyokuahidi mlipokuwa mnasoma kompyuta Dar?"

Kabla hatujaoana alinieleza mwenyewe kwamba Gosbert aliwahi kumchumbia, akamkataa. Hakuna aliyemlazimisha kusema.

"Ningejua ukweli unalipwa hivi," alisema polepole, "ningefunga mdomo."

"Nipe mimi hiyo diski niitazame."

"Hapana. Soma faksi yote, usisome ya chini tu. Mtu yeyote asiifungue. Punje moja ya vumbi inaimaliza. Hiyo siyo redio, Osward."

Hiyo siyo redio. Maneno yale yaliniingia kuliko tusi.

Jumapili nilijifanya mgongo unauma.

"Nenda tu misa," nilimwambia. "Niombee."

Alinimiminia chai, akaniwekea mto nyuma ya mgongo, akaondoka na kitabu chake cha nyimbo. Alipokata kona tu, mgonjwa akapona. Niliishusha diski kutoka juu ya kabati, ilikokuwa imefungwa kwa taulo. Skrubu zake zilikuwa za umbo la nyota, sina bisibisi yake, nikachonga spoki ya baiskeli kwa tupa mpaka ikaingia. Nikatandika mkeka uani, juani.

Msinicheke. Redio iliyolowa hufunguliwa, huanikwa, hufutwa kwa pamba na spiriti. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyolisha nyumba yangu miaka sita. Nilijua nikiitengeneza mimi, hakuna safari, hakuna Gosbert.

Kifuniko kilipotoka niliona sahani inayong'aa, na sura yangu ndani yake. Pembeni kulikuwa na doa la maji. Jirani yetu Eufrasia alikuwa anapepeta mpunga upande wa pili wa ua, na makapi yakaletwa na upepo yakatua juu ya ile sahani. Nikapuliza kwa mdomo. Nikafuta kwa spiriti. Doa lilitoka, lakini palipokuwa na doa pakabaki mkwaruzo mwembamba kama unywele.

Nikarudisha kila kitu, nikaibandika tena kwa gundi ile karatasi ya kiwandani niliyokuwa nimeibandua, na Devota aliporudi nilikuwa kitandani.

"Mgongo?"

"Afadhali."

Jumatatu nilimsindikiza stesheni.

"Umesuka," nilimwambia.

"Nakwenda mjini."

"Umemsukia Gosbert."

"Nimesuka kwa sababu nina nywele. Kaa salama, mume wangu."

Treni iliondoka na mke wangu, diski na uongo wangu.

Jumanne mchana mlinzi wa mradi alikuja kibandani mbio. "Fundi, unaitwa kwenye simu, mkeo yuko Dar!" Nilikimbia mpaka ofisini, nikanyakua mkono wa simu.

"Osward? Nisikilize vizuri. Ile diski uliigusa?"

"Niiguse ya nini?"

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanaume, nzito, imetulia. "Devota, mwambie simlaumu. Nataka tu kujua kilichofanyika ndani."

Devota. Analitamka jina la mke wangu taratibu hivyo, mchana kweupe! Kama kulikuwa na chembe ya ukweli kooni kwangu, niliimeza palepale.

"Mwambie huyo bwana," nilisema, "kwamba kama imemshinda asitafute wa kumsingizia. Mimi sijui hata ina rangi gani."

"Ndivyo nilivyomwambia," alijibu Devota. "Nimemwapia, Osward. Nimemwambia mume wangu ni fundi, anajua kuheshimu kazi ya mwenzake."

Simu ikakatika.

Alhamisi alirudi, macho yamevimba. Hakuvua hata viatu.

"Gosbert anasema diski ilifunguliwa na kufutwa. Nikamwambia, basi umeifungua wewe, umeiharibu, unaogopa kusema. Nimemwita mwongo mbele ya wenzake. Bwana Dionisi anaandika barua kwa mkubwa wa Gosbert kesho asubuhi. Atafukuzwa tu."

"Na diski?"

"Iko kwao. Anasema hathubutu kuiwasha bila kujua iliguswa vipi. Sitaki kumwona tena yule mtu maishani mwangu."

Jamani, nilitaka nini zaidi ya hapo? Mpinzani amekwisha, tena kwa mdomo wa mke wangu mwenyewe. Nilitakiwa nicheze ngoma. Devota akaja akakaa karibu yangu, akanishika mkono.

"Nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini?"

"Nilikuwa naona wivu wako ni ujinga. Kumbe ulimtambua yule mtu kuliko mimi niliyesoma naye. Nilikwambia hiyo siyo redio. Ningekupa wewe tangu mwanzo."

Alinipakulia wali na samaki, nikauacha ukapoa. Nilimpenda mno siku ile, na kila aliponitazama kwa heshima nilijisikia mwizi.

Kesho yake asubuhi nilimfuata ofisini. Bwana Dionisi alikuwa anamsomea barua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Subiri kidogo, tunamaliza barua."

"Usiitume. Diski niliifungua mimi."

Devota aliinuka kwenye kiti.

"Unasema?"

"Jumapili, ulipokuwa misa. Niliianika, nikaifuta kwa spiriti."

"Mgongo wako ulikuwa unauma."

"Haukuwa unauma."

"Nilikuombea!" Sauti yake ilipasuka. "Nilipiga magoti nikakuombea mgongo! Na nikaapa, Osward. Nikaapa kwa ajili yako mbele za watu!"

"Najua."

"Kwa nini?"

"Wivu. Na ile kwamba hukuniona kama fundi."

Bwana Dionisi aliichana barua polepole vipande viwili. Kisha akazungusha namba za simu, akanipa mkono wa simu bila kusema neno.

"Gosbert hapa."

"Naitwa Osward. Mume wa Devota. Niliifungua mimi."

Nilingoja matusi, na ningeyapokea yote.

"Ilikaa wazi kwa muda gani?" aliuliza.

"Kama saa moja. Juani."

"Uliigeuza sahani kwa mkono?"

"Kidogo."

"Ulifuta upande gani?"

"Wa juu tu. Pamba na spiriti. Kulikuwa na makapi ya mpunga, nayo yakakwaruza."

"Huko chini hukufika?"

"Sikufika."

Nilisikia kalamu inaandika. Alikuwa ananiuliza kama daktari anavyomuuliza mgonjwa, na mimi namjibu yule mtu niliyemchukia kuliko wote duniani.

"Nashukuru," alisema mwishoni. "Sasa naweza kujaribu. Zipo sahani mbili humu. Ya juu sina hakika nayo, lakini ile nyingine huenda ni nzima."

"Gosbert," nilisema. Devota alikuwa ananitazama. "Nilikutukana. Naomba radhi."

"Bwana Osward, mkeo alinikataa miaka saba iliyopita na iliniuma. Lakini diski ya mtu siwezi kuiharibu kwa sababu hiyo."

Hakusema kwa kunichoma. Ilinichoma tu.

Mchana huohuo Devota alifunga begi.

"Nakwenda kwa mama, Mang'ula."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Wiki tatu nzima nilikaa kibandani natengeneza redio za watu na kusikiliza za wengine zikiimba mapenzi. Waendesha baiskeli waliacha kunichokoza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Barua niliandika mbili, sikujibiwa hata moja. Wivu nao haukupumzika. Kila usingizi uliponipitia nilimwona amepanda treni kwenda Dar.

Wiki ya nne, Jumamosi mchana, nikiwa nyumbani, niliinua macho nikamwona amesimama mlangoni, begi mkononi, mkono mwingine una karatasi ya faksi.

"Imepatikana kazi ya miaka miwili," alisema. "Mwaka wa tatu umepotea. Bwana Dionisi ameniachia kazi, lakini itabidi nizunguke kuwauliza wakulima upya, kuanzia Lumemo."

"Nitakubeba kwa baiskeli. Kila kijiji."

"Hilo ni deni lako, siyo hisani."

"Sawa."

Hakuingia bado.

"Mama amenishauri nisirudi," alisema. "Alisema mwanaume anayeficha kosa lake nyuma ya jina la mkewe hafai. Nikamwambia kweli, hafai. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua kila siku. Jumapili ile ulidanganya ukiwa unashindwa, hilo kila mtu hufanya. Ila siku uliyosema ukweli ulikuwa umeshashinda, Osward. Nilikuwa nimeshamchukia. Ungenyamaza tu."

Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

"Nina sharti," aliendelea. "Wivu ukikupanda, niulize mimi. Usichokonoe mkoba wangu, usifungue kitu. Niulize."

"Hata sasa hivi?"

"Uliza."

"Gosbert bado anakupenda?"

Devota alinitazama moja kwa moja.

"Ndiyo. Nadhani bado."

Ulinipanda, jamani. Ulinipanda kutoka kwenye nyayo mpaka masikioni. Nilishika fremu ya mlango, nikavuta pumzi.

"Na wewe?"

"Mimi nimetoka Mang'ula tangu asubuhi, basi limekwama mara mbili kwenye matope, na nina njaa. Umepika nini?"

"Sijapika."

"Basi washa moto, mume wangu."

Akanipa begi, akaingia ndani. Nikawasha moto.