Bangili Nyuma ya Kompyuta

Kompyuta ile ilikuwa na mlio wake halali. Ukiiwasha, feni inaguna, kioo kinapata rangi ya kijani, halafu inatoa mlio mmoja mfupi kama kifaranga aliyekanyagwa, na kazi inaanza. Konsolata, karani wa hesabu wa shamba moja la ngano la serikali chini ya mlima Hanang, aliuzoea mlio huo mpaka akawa hausikii tena. Asubuhi moja, aliposikia kitu kingine baada yake, aliinua mikono yake miwili akaitazama, kwa sababu alidhani ni yeye. Ilikuwa sauti ya bangili zinazogongana. Konsolata hakuwa amevaa bangili.

Akaizima, akaiwasha tena. Feni, kioo, kifaranga, halafu bangili, taratibu, kama mwanamke anayezipandisha mkononi moja baada ya nyingine kabla ya kutoka nyumbani. Chumba kikanuka kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Konsolata akatoka nje bila kufunga mlango, akaenda karakana kumwita Felician.

Felician alikuwa fundi umeme wa shamba, mtu wa Masieda kule Mbulu, mrefu, mpole, mchache wa maneno. Ndiye aliyepelekwa Arusha kujifunza mashine hizo zilipoanza kuja, na ndiye aliyeifunga ile ya ofisini. Mkewe aliitwa Hilaria, naye wa huko huko Mbulu, na tuseme ukweli mapema: Hilaria alikuwa na wivu, tena si ule wa kununa siku moja ukaisha. Mumewe akichelewa, alinusa shati. Mumewe akicheka na mama muuza maandazi, maandazi hayakuingia tena nyumba ile. Watu wa kota walimtania kwamba hata trekta angelikagua kwanza kabla Felician hajalala chini yake. Hakucheka. Alimpenda mume wake kwa pupa, na mume mwenyewe hakuwa mtu wa kusema neno tamu wala kuleta zawadi, hivyo Hilaria alijiambia mwenyewe yale ambayo hakuambiwa, na mara nyingi alijiambia mabaya.

Zawadi alikuwa amepata moja tu, na ilitoka kwenye kompyuta hiyo hiyo. Siku ya kuifunga, Felician alitaka waya wa ethi, ule unaotoka kwenye mashine kwenda ardhini ili umeme wa jenereta ukileta vurugu uishie udongoni. Stoo haikuwa na waya. Aliambiwa asubiri lori la Arusha, na kila mtu alijua kusubiri lori la Arusha maana yake nini. Bura, dereva wa trekta, akamletea shaba ya njano iliyoviringwa mizunguko mingi, ambayo haro la kulimia linalokokotwa na trekta lilikuwa limeifukua kwenye kilima kidogo cha udongo katika shamba jipya upande wa Dirma. Hakuna aliyeuliza ilikuwa ya nani. Kila chuma kilichotoka ardhini kilipelekwa karakana, ndivyo kazi ilivyokwenda pale. Felician akaibana kwenye jiliwa akainyoosha, akaifunga nyuma ya kompyuta, akaipitisha dirishani, akaizika ncha yake. Kipande kilichobaki akakikunja bangili, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akampelekea mkewe bila kusema kitu. Hilaria alilia. Tangu siku hiyo hakuivua hata akiosha vyombo.

Sasa Felician akaanza kuutafuta ule ubovu. Akafungua kifuniko, akatoa vumbi la ngano na kiota cha panya. Akabadilisha feni. Akakaza kila skrubu, akaihamisha meza, akabana vioo vya dirisha kwa karatasi visitikisike. Kila asubuhi jenereta ilipowashwa, bangili zilirudi. Mwishowe akakata spika ndogo ya ndani, akaitoa, akaiweka mezani mbele ya Konsolata.

"Haina mdomo tena," alisema. "Washa."

Konsolata akawasha. Feni ikaguna, kioo kikawa kijani. Kifaranga hakulia. Bangili zikagongana, wazi kuliko siku zote, na ile spika ilikuwa imelala mezani na nyaya zake zimekatika.

Konsolata alisema hatakaa tena peke yake na kitu hicho. Felician akamtuliza, akasema ataiwasha yeye kila asubuhi mpaka ajue tatizo liko wapi. Basi akaanza kuwahi ofisini. Kwanza aliwahi kidogo, halafu akawa anaondoka kabla ya uji. Akaacha kula mchana. Kanisani siku ya Jumapili alikaa akitazama mlango kama mtu mwenye miadi. Akirudi nyumbani, shati lake lilinuka moshi wa kibuyu na samli, na nyumba yao haikuwa na ng'ombe.

Hilaria alinusa, akajumlisha, akapata jibu lake: Konsolata. Si anapaka rangi mdomoni? Si ana kiti kinachozunguka? Juma zima alipika bila chumvi kwa hasira. Kisha asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ngano, akachukua chupa ya chai iwe sababu, akamfuata mumewe.

Alimkuta Konsolata nje, amekaa kwenye ngazi ya ofisi, amejifunika kanga mpaka kichwani.

"Mume wangu yuko wapi?" Hilaria aliuliza. Salamu alikuwa ameisahau nyumbani.

"Yuko ndani."

"Na nani?"

Konsolata aliinua uso. Machoni hakuwa na hatia yoyote, alikuwa na usingizi na woga. "Shemeji, mimi sijui ni nani," alinong'ona. "Akiiwasha, mimi natoka. Nenda dirishani uone mwenyewe, lakini usimwite jina."

Hilaria akazunguka ukuta, akasimama pale waya wa shaba ulipotokea dirishani kuingia ardhini, akachungulia. Felician alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, hajashika kitu, mikono imelala mapajani kama mtu aliyekaribishwa ugenini, na kioo kilikuwa kijani bila herufi hata moja, na sauti ya bangili ilikuwa inakuja, si kutoka kwenye mashine tu bali kutoka sakafuni na kutoka udongoni chini ya miguu ya Hilaria, ikipanda kutoka kifundo kwenda kiwiko na kutoka kiwiko kwenda begani, kwenye mkono ambao haukuonekana, na kila moja ilipogonga mwenzake, bangili ya Hilaria mwenyewe ilitetemeka chini ya mkono wa sweta, na harufu ya samli ikajaa mpaka dirishani, na mwanamke akasema neno kwa Kibarabaig, lugha ya wafugaji wa Hanang, polepole, kama anayesema akiwa amelaza kichwa kifuani kwa mtu, na Felician, ambaye maisha yake yote hakujua Kibarabaig zaidi ya salamu ya mnadani, akamjibu.

Alimjibu kwa sauti ambayo Hilaria alikuwa akiisubiri tangu siku ya ndoa.

Hofu ilimshika, ndiyo, lakini wivu ulifika kwanza. Aliipasua ile chupa ya chai kwenye ukuta. Felician akashtuka, akageuka, akamtazama mkewe dirishani kwa muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba anatafuta jina lake.

Mchana huo huo Hilaria alimkamata Bura karakana akambana mpaka akasema shaba ameitoa wapi. Bura alipokitaja kile kilima cha Dirma, alisema akiangalia chini, maana hata yeye alijua vilima vile vya udongo hulundikwa juu ya makaburi. Wakaenda kijiji cha Gendabi kwa Mzee Gidahosh, ambaye ukoo wake ulikuwa na boma mahali pale kabla ya ngano. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasikiliza yote huku anachokonoa ardhi kwa fimbo. Kesho yake alikuja ofisini kwa miguu. Hakuitazama kompyuta. Alizunguka nyuma ya ukuta, akainama, akaushika waya wa ethi kwa vidole viwili.

"Huyu ni mke mkubwa wa baba yangu," alisema.

Konsolata akafanya ishara ya msalaba.

"Baba alipooa mke wa pili, mama huyu alikataa chakula. Alisema, hizi bangili mume wangu alinivalisha kwa mkono wake, hakuna mtu atazivua. Tulimzika nazo. Sasa nyinyi mmemtoa nje, mmemfunga kwenye nyumba ya umeme, na kila asubuhi mwanaume anakuja kumwamsha. Yeye atajua nini? Anajua mume amerudi." Akamtazama Felician, aliyekuwa amesimama mbali, amekonda, anatabasamu peke yake. "Mkimwacha atamchukua. Mtamwona huyu anatembea, anakula, lakini hayupo. Rudisheni. Yote. Iliyokatwa, iliyokunjwa, hata iliyobaki kwenye mavumbi ya karakana. Kikibaki kipande, yeye naye amebaki."

Wakaung'oa waya. Bura akafagia chini ya jiliwa akapata vijipande, akaviweka kwenye kopo. Wakaenda wote Dirma, mahali ambapo kile kilima sasa kilikuwa mgongo mdogo tu katikati ya ngano, na Felician mwenyewe akachimba shimo. Gidahosh alikuwa na maziwa kwenye kibuyu na pombe ya asali. Kabla ya kumimina aliuliza kama ni yote.

Felician akapangusa jasho, akafikiri kwa shida. "Kulikuwa na bangili," alisema. "Nilimpa mke wangu."

Wote wakamgeukia Hilaria. Bangili ilikuwa chini ya sweta, moto juu ya ngozi. Alijua la kufanya. Mtu yeyote angejua. Lakini alilitazama lile shimo, akawaza, nimpe mwanamke mwingine kitu pekee nilichopewa na mume wangu? Amemnyang'anya macho, amemnyang'anya sauti, amelinukisha shati nililolifua mwenyewe kwa mikono hii, na sasa niinue mkono nimvalishe? Roho ilimuuma mpaka akasikia uchungu mdomoni.

"Ilipotea mtoni," alisema. "Nilipokuwa nafua."

Gidahosh aliutazama mkono wa sweta yake. "Wewe ndiye unajua," alisema. Akamimina maziwa, akamimina pombe, akasema na mama yake kwa lugha yao, akafukia.

Lori la Arusha lilifika hatimaye na waya mpya wa ethi. Felician akarudisha spika, Konsolata akawasha akiwa amesimama nusu mlangoni. Feni, kioo, kifaranga. Halafu kimya. Konsolata akakaa kwenye kiti chake akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hadithi ikaanza kusahaulika.

Nyumbani, Hilaria alipata alichokitaka. Felician alikula, akanenepa. Alirudi mapema. Alimshika mkono wakiwa wanaongea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za uchumba, na majirani wakaanza kumtania Hilaria kwa jambo jipya, kwamba amemroga mumewe. Alifurahi sana, na furaha hiyo ilimfanya asitake kusikia baadhi ya vitu. Bangili yake ilikuwa moja, lakini akiinua mkono kuchochea moto, zilisikika nyingi. Nyumba ilinuka kibuyu. Aliosha sufuria, akafungua madirisha, akasema ni majirani.

Jumapili moja baada ya misa alikaa kukanda unga wa chapati. Unga uliingia chini ya bangili ukamkera, na kwa mara ya kwanza tangu apewe, akaivua. Ilitoka kirahisi. Akaiweka mezani, akaendelea kukanda.

Felician akaingia kutoka uani. Akasimama mlangoni. Akamtazama Hilaria kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mwenyeji wa nyumba asiyoifahamu, akavua kofia.

"Habari za hapa, mama," alisema. "Naomba kuuliza. Mke wangu yuko wapi?"

Hilaria alidhani ni utani, akangoja kicheko. Hakikuja. Mume wake alikuwa amesimama na kofia mkononi, akichungulia nyuma yake, kwenye pembe za chumba, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli wa mtu aliyempoteza anayempenda. Hilaria alijua wakati huo kwamba angeweza kukimbia Dirma na ile bangili, jua lingali juu, akafukue, akaizike. Alijua pia kwamba huenda mwanaume atakayerudi baada ya hapo ni yule wa zamani, asiyesema, asiyeshika mkono. Au huenda asirudi mtu.

Unga ukiwa bado vidoleni, akaichukua bangili akaivaa.

Uso wa Felician ukafunguka. Hilaria akavuta pumzi ili aseme, nipo hapa. Kabla hajatoa neno, sauti ilimjibu Felician kwa Kibarabaig, karibu kabisa na sikio la Hilaria, na Felician akaja akaushika ule mkono wenye bangili, akauweka shavuni, mkono tu, bila kumtazama usoni.