Yanayotupwa Dirishani

Taulo la mwisho lilikuwa halijakauka, lakini jua lilishakwenda zake, na Vidole hakuwa na hamu ya kulibembeleza taulo. Akalivuta kwenye kamba.

Nyuma ya taulo palikuwa na mtu.

Alikuwa amesimama tu. Karibu kiasi kwamba taulo lilimpangusa uso likishuka, na hakupepesa hata jicho.

"Tumefunga," Vidole akasema. Alikuwa ameshtuka, lakini mdomo wake ulikuwa haujawahi kuogopa kitu. "Na huko ulikotoka watu hawabishi hodi?"

"Nimebisha," yule mtu akasema. Sauti yake ya chini, kavu, kama gunia linaloburutwa kwenye saruji. "Siku nyingi nabisha. Hunisikii."

Sasa, mchuaji akikutana na mtu hatazami sura. Anatazama bega lipi limeshuka, kiuno kimepindia wapi, kisigino kipi kinaogopa ardhi. Huyu bega la kushoto lilikuwa limelala. Kiuno kimejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Mguu ulikuwa unamfuata nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

Vidole akajiambia, huyu naye kaangushwa na kitu kizito. Akamuonea huruma kidogo. Kosa lenyewe likaanzia hapo.

"Haya, ingia. Ila haraka, nina mgonjwa wangu ndani."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa kaka yake, Winchi. Nyumba ilikuwa vyumba viwili: cha mbele cha kazi, chenye kitanda cha kuchulia, beseni, jiko la kuchemshia maji na rafu ya mafuta; na cha nyuma alikolala Winchi, kitanda chake kimebanwa na dirisha la uchochoroni. Katikati ukuta wa mbao. Ukikohoa huku, kule wanakwambia pole.

"Nani huyo?" Winchi akapiga kelele kutoka nyuma ya mbao.

"Mteja."

"Saa hizi? Na mguu wangu atauchua nani, bibi yako?"

"Bibi yangu si ndiye bibi yako, mjinga wewe! Tulia."

Walikuwa hivyo. Tangu ajali, hakuna neno lililopita kati yao bila kuuma. Winchi alikuwa utingo, na jina alipewa na wenzake kwa sababu aliinua mizigo kama mashine. Mpaka siku ile alipoteleza kwenye ubao wa lori na mfuko wa saruji ukamfuata chini. Hospitali wakashona, wakasema kilichobaki ni mazoezi na kuchuliwa. Kilichobaki! Kilichobaki ndicho kilichowamaliza. Kila jioni Vidole alimchua kuanzia kiunoni, akashuka pajani, gotini, kigimbini, mpaka kisiginoni, na kila jioni Winchi alimtukana hadi sauti ikakauka.

Na mikono ikijaa, Vidole aliikung'uta dirishani. *Pfa! Pfa!*

Ndivyo alivyofundishwa kazi. Mikono ya mchuaji hujaa maumivu ya watu. Inakuwa mizito, inachoma, kama umeshika kaa la moto ndani ya ngozi. Basi unatupa. Hakuwahi kuuliza yanakwenda wapi. Nje ni uchochoro, na uchochoro si wa mtu.

Leo Winchi alikuwa ametoka kitandani mpaka mlangoni bila fimbo. Kaka mtu alilia, dada mtu akamcheka ili naye asilie. Kwa sababu kesho asubuhi msimamizi wa bohari alitaka kumuona akiingia kwa miguu yake mwenyewe. Asipoingia, nafasi yake ishapata mtu, kijana anayekwenda kuchungulia getini kila siku kama paka kwenye duka la nyama.

Kesho. Basi tu.

Yule mteja akajilaza kifudifudi bila kuambiwa, akainua shati mwenyewe.

Harufu ikamfikia Vidole kabla hajafungua chupa. Mafuta ya karafuu na kafuri. Mafuta yake. Mchanganyiko wake mwenyewe... kwenye ngozi ya mtu ambaye hajawahi kumgusa.

"Nani mwingine anakuchua?"

Yule mtu akavuta shati juu zaidi.

Akaweka mikono. Ngozi ilikuwa ya baridi, baridi ya kigae asubuhi. Chini ya ngozi, moto. Akatafuta. Upande wa kushoto, juu kidogo ya kiuno, dole gumba likakuta fundo. Dogo, gumu, limelala kimshazari kama kokwa la tende.

Dole likasita.

Lilikuwa linalijua. Vidole vya mchuaji havisahau fundo, kama wewe usivyosahau hatua za mama yako. Hili alilivunja mwenyewe, mgongoni kwa Winchi, baada ya kulihangaikia jioni kibao.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo. Kandamiza."

Akakandamiza. Fundo likateleza chini ya dole, mara moja, kama samaki. Likaondoka. Mtu yule akashusha pumzi ndefu...

"Aaagh!"

Nyuma ya mbao.

"Winchi?"

"Kiuno! Vidole, kiuno changu! Kuna kitu kimeniingia!"

"Endelea," mteja akanong'ona. Sauti yake ilikuwa imeanza kulainika.

Mikono ikashuka pajani. Si yeye aliyeishusha, ni mazoea. Kwenye paja palikuwa na mkazo wa kamba, ule ule, mahali pale pale. Ukalegea kabla hajaubonyeza vizuri. Kule nyuma kitanda kikalia, kitu kikagonga sakafu kwa kishindo, na kaka yake akaanza kulia kwa sauti ya mtoto.

Vidole akarusha mikono juu kama aliyegusa nyoka.

"Wewe ni nani?"

Yule mtu hakuinuka. Akageuza uso tu, shavu likiwa kitandani, akamtazama kwa jicho moja.

"Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wenu. Mvua ilikuwa inanyesha, nikajibanza chini ya dirisha nikingoja ipite. Ukafungua. Ukatupa. Nikashindwa kuondoka. Jioni ya pili ukatupa tena. Na ya tatu. Nagonga ukuta, nawaita. Mnagombana tu humo ndani."

"Sikujua..."

"Hukuuliza."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Sikuja kuombwa msamaha. Nimekuja kurudisha cha watu."

Akamkamata kifundo cha mkono. Vidole, mtu mzima mwenye mikono iliyozoea kukunja misuli ya wabeba mizigo, hakuweza kujinasua. Yule mtu akauvuta mkono taratibu, akauweka katikati ya uti wa mgongo wake.

"Bado kubwa lao. Maliza."

Lilikuwepo. Lile la siku ya ajali. Lilipwita chini ya kiganja kama kitu kinachopumua. Hilo likirudi kwa Winchi, habari ya kesho imekwisha. Na ya keshokutwa. Na ya kutembea.

"Sitaki."

"Basi nitalala hapa hapa. Na kila utakayemlaza kitanda hiki baada yangu, ataamka na mimi."

Nyuma ya mbao Winchi alikuwa anamwita, "Vidole... Vidole..." Si kwa matusi. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Hapo akili ikamjia. Alikuwa anakandamiza, na maumivu yanateleza kwenda kwa mwenyewe, Winchi. Lakini jioni zile kwa Winchi hakuwa akikandamiza tu. Alikuwa anavuta. Alikuwa anakusanya.

Akageuza kiganja. Akavuta polepole, toka shingoni mpaka kiunoni, kama mtu anayekomba uji kwenye sufuria. Mgongo wa yule mtu ukatetemeka. Kiganja kikajaa. Kikapata joto. Kikachoma. Akavuta tena, meno yameumana, mpaka ule mgongo ukawa laini kama wa mtoto mchanga.

Mtu akainuka. Akanyooka... akanyooka... Kumbe alikuwa mrefu. Kumbe alikuwa kijana, pengine rika lake. Akatikisa mguu, akacheka kidogo, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Umeyashika wewe," akasema. "Haya. Sasa utajua mwenyewe pa kuyaweka."

Akatazama ukuta wa mbao, upande wa dirisha. Akatoka. Hakufunga mlango.

Vidole akakimbilia chumba cha nyuma, mikono ameitanguliza mbele kama aliyebeba maji. Bega lake la kushoto lilishaanza kushuka. Winchi alikuwa sakafuni, amejikunja, jasho linamtiririka. Akampitishia viganja kiunoni na pajani, akavuta yale yaliyorudi, yakaingia juu ya yale mengine. Akahisi mifupa ya vidole inakaribia kupasuka.

"Imetoka," Winchi akahema. "Imetoka. Tupa!"

Vidole akafungua dirisha kwa kiwiko. Giza lilikuwa limeshaingia uchochoroni.

Chap, chap, chap.

Ndala. Zinakuja kwa mwendo wa haraka. Nyepesi.

"Kuna mtu anapita."

"Tupa!"

"Winchi, kuna mtu. Ngoja apite."

"Nimekwambia tupa, we mwanamke! Unangoja yakuingie? Unataka tulale wawili humu, atupikie nani?"

Kiuno chake kilikuwa kinajikunja, taratibu, kwenda kushoto. Ndala zilikuwa chini ya dirisha kabisa. Asije akasema hakuzisikia. Wote wawili walizisikia.

*Pfa! Pfa!*

Ndala zikanyamaza.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Vidole akafunga dirisha bila kuchungulia. Winchi akainuka mwenyewe, akakaa kitandani, akamtazama dada yake, kisha akatazama pembeni. Usiku ule hawakugombana. Asubuhi aliingia bohari kwa miguu yake. Jioni akarudi na misumari na nyundo, akalipigilia dirisha, bila kuambiwa na mtu.

Siku zikaenda. Wateja wakaongezeka, mchuaji aliyemsimamisha utingo, nani asimtake? Vidole siku hizi alinawia beseni, akamwaga maji chooni, na moyo ulimuuma kila akimwaga. Kila mgongo mpya aliugusa kwa hofu, akilitafuta lile fundo. Halikuwepo. Akaanza kulala. Winchi akaanza kupiga mluzi akirudi kazini, na hata kumtania.

Mpaka jioni moja, anaanua taulo.

"Hodi."

Alikuwa mwanamke, amebeba mtoto mgongoni. Mtoto mkubwa, wa umri wa kukimbia.

"Tumefunga, dada."

"Nakuomba, mdogo wangu. Nimezunguka kote. Hospitali wamepiga picha, wanasema hawaoni kitu. Nimeambiwa mikono yako hairudishi mtu."

"Unaumwa wapi?"

"Si mimi."

Akamshusha mtoto. Binti. Akasimama kwa shida, ameshika nguo ya mama yake. Bega la kushoto limelala. Kiuno kimejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Miguuni ndala nyekundu, moja imelika ukingoni kwa kuburutwa.

"Nilimtuma chumvi tu," mama akasema. "Akapita huo uchochoro wenu. Karudi hivi."

"Alianguka?"

"Hataki kusema. Mwulize wewe. Labda wewe atakwambia."

Vidole hakuuliza. Alimlaza. Binti alikuwa wa baridi kama kigae, ananukia karafuu na kafuri, na hakumwangalia usoni hata mara moja. Aliangalia mikono.

Nyuma ya mbao Winchi alikuwa anapiga mluzi, anavua viatu vya kazi.

Vidole akaweka kiganja kwenye ule uti mdogo. Hakuhitaji kutafuta; fundo lilikuwa pale pale.

Mluzi ukakatika.

"Vidole," kaka yake akanong'ona kwenye ufa wa mbao. Ulikuwa mnong'ono wa mtu aliyeshika kiuno. "Vidole, dada yangu... mwambie tumefunga."

Na yule binti, shavu likiwa kitandani, akageuza jicho moja.

"Kandamiza," akasema.