Pumzi za Shangazi

Haya yalimkuta rafiki yangu, na yeye si mtu wa kutia chumvi. Huandika programu mpya za kuendesha vile vicheza muziki vya zamani vya mfukoni, kisha huzigawa bure. Programu yake hutamka jina la kila kitufe unachobonyeza, kwa ajili ya wasioona. Sauti ni ya shangazi yake, aliyemsomea maneno arobaini. Ili kuokoa nafasi, rafiki yangu alikata pumzi iliyosikika kabla ya kila neno.

"Ukiniondolea pumzi zote, mwanangu, nitaishije humo ndani?" shangazi alimtania.

Walimzika mwezi uliopita. Wiki iliyofuata rafiki yangu alirudi kazini, bila chozi, bila hamu ya chochote. Mchana mmoja umeme ulikatika. Chumba chake hakina dirisha, giza likawa totoro. Akavaa spika za masikioni, akalijaribu toleo jipya la programu kwenye kicheza muziki kimoja, kwa kupapasa vitufe.

"Cheza," shangazi akasema. Kabla ya neno, pumzi.

"Simama." Pumzi tena.

"Nilidhani nimeweka kwa makosa zile rekodi ambazo hazijakatwa," aliniambia, kama anayesimulia habari za mvua. Basi akafungua kifuniko cha kicheza muziki, akachomoa betri, akaishika kiganjani.

Masikioni mwake pumzi ikavutwa, ndefu, kama ya mtu anayetaka kusema.

"Ukazivua hizo spika?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilingoja aseme. Akavuta nyingine, bila kuitoa ile ya kwanza."