Mkalimani wa Bwana Haleluya

"Mwambie asitabasamu."

Mkalimani akamtazama mchumba wake, mmishonari wa kigeni, akidhani hakusikia vizuri. Mbele yao bibi kizee mmoja alikuwa amekumbatia blanketi jipya, meno yake machache yote yako nje kwa furaha.

"Asitabasamu kwa nini?"

"Mpenzi, picha ya mtu anayecheka haimgusi yeyote kule nyumbani. Mwambie alirudishe kwenye rundo, alipokee upya, safari hii kwa huzuni. Na avue hivyo viatu."

Bibi wa watu alikuwa ameshapewa blanketi hilohilo mara mbili. Mkalimani akamgeukia.

"Bibi, samahani. Ndugu yetu anasema umependeza mno, anaomba akupige nyingine. Pumzisha mashavu kidogo, na viatu nipe mimi nikushikie, visije vikachafuka."

"Mwambie Mungu ambariki, mjukuu wangu. Mtu mwenye adabu huyu!"

"Anasemaje?" mmishonari akauliza, jicho liko kwenye kamera.

"Anashukuru."

Hivyo ndivyo alivyoifanya kazi yake tangu bwana huyo aje kutoka kwao mbali, na maboksi yake ya nguo, na gitaa asiloweza kulipiga, na huruma tele kwa watu ambao hakuwahi kukaa nao wakazungumza. Mtaani walimbandika jina la Bwana Haleluya. Ndilo neno pekee alilolipatia. Alilitumia kusalimia, kuaga, na hata siku alipomkanyaga paka wa jirani mkia. Watoto waliozaliwa mwaka aliofika walishaanza shule, yeye bado hajui kuomba maji ya kunywa.

Asubuhi alitembelea wagonjwa, kamera shingoni. Mchana aligawa nguo. Jioni alijifungia chumbani kuwaandikia wafadhili jinsi anavyoishi bega kwa bega na maskini, dirisha kalifunga, maana harufu ya mtaro wa maskini hao ilimvurugia maombi.

Na Jumapili alihubiri. Hapo ndipo palipokuwa na kituko.

"Umaskini wenu unatokana na uvivu, na giza la mioyo yenu!" hunguruma madhabahuni kwa lugha yake.

Mkalimani hukisogelea kipaza sauti. "Mungu anaona mnavyohangaika tangu alfajiri. Hajawasahau hata siku moja."

Watu hulia. Bwana Haleluya huyaona machozi, akajua ana kipawa. Kichwa kikazidi kuvimba.

Utauliza, sasa alimpendea nini? Basi sikia. Mkalimani alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni. Bwana huyo alipofika tu, upepo uling'oa paa la darasa lake, naye akapanda juu na nyundo, akaanguka, akapanda tena, akaanguka tena, huku anajicheka mwenyewe. Mwalimu akapenda. Akajiambia kwamba moyo wa mtu huyu ni mzuri, ila ulimi ndio mzito, na ulimi atamsaidia. Kila Jumapili alimtengenezea maneno, kisha akayapenda maneno hayo kana kwamba yametoka kwa mwanamume huyo. Mtu na akili zake!

Harusi ilikuwa imekaribia. Nyumbani, mama yake, fundi cherehani, alikuwa dirishani akishona gauni jeupe.

"Mkwe wangu ana maneno yule," alisema, pini kazibana midomoni. "Juzi alivyosema Mungu anamjua mjane kwa sauti ya hatua zake, nililia mpaka nikaona haya."

"Mama, na kama maneno yale yasingekuwa yake?"

"Yawe ya nani tena? Si nilimwona kwa macho yangu akifungua mdomo?"

Simu ikaita. Alikuwa yeye.

"Mpenzi, wageni wangu wameingia. Wafadhili wenyewe, na yule bibi kiongozi wao. Jumapili naomba uvae lile gauni lako la kufanyia usafi."

"La usafi? Mama kanishonea suti ya bluu."

"Hapana, hapana. Suti itawachanganya. Halafu mama yako, mwambie akae nyuma kabisa. Au asije."

"Mama yangu kakosa nini?"

"Nitakueleza. Niamini tu, mpenzi. Wakiondoka na furaha, tumetoka."

Akakata.

"Anasemaje mkwe wangu?" mama akauliza.

Binti akaitazama simu. Mazoea yana taabu.

"Anakusalimu. Anasema Jumapili ukae mbele."

Mama akaachia cherehani, akapiga vigelegele peke yake.

*

Jumapili kanisa lilifurika. Wageni walikalishwa upande wa madhabahu, wametabasamu kama watu wanaomtazama mgonjwa. Mkalimani akaingia na suti yake ya bluu. Mama yake alikuwa ameshajaa kwenye kiti cha mbele, kajipamba. Ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Mbona suti? Na mama yako anafanya nini hapo mbele???"

Akajibu: "Anamsikiliza mkwewe."

Bibi mfadhili akasimama kusalimu. Mwanamke wa makamo ya juu, macho mema. Mkalimani akasimama kando yake.

"Nimefurahi kuwaona hatimaye," alisema bibi.

Mkalimani akatafsiri. Watu wakapiga makofi.

"Hakuna siku niliyolala bila kuwaombea."

Akatafsiri. Makofi tena.

"Lakini zaidi nimemwombea binti mmoja. Yule ambaye ndugu yetu alimwokota jalalani akila makombo, baada ya mama yake mlevi kumuuza kwa chupa ya pombe. Ndugu yetu akamwosha, akamfundisha kusoma, na sasa anamwoa. Picha yake iko ukutani kwangu. Yuko wapi? Nataka kumkumbatia."



Mkalimani aliijua picha hiyo. Siku ile walimu walikuwa wanazibua mtaro wa shule, yeye kavaa gauni la usafi, tope mpaka kwenye nyusi, anacheka. Mchumba wake akamwambia, "Hebu usicheke kidogo." Akaacha kucheka, kwa mapenzi. Sasa moyo ulimchoma kwelikweli, na akajiona mjinga kuliko watu wote waliokuwa mle ndani.

Bwana Haleluya akamwinamia sikioni.

"Ruka hapo. Sema anawasalimu nyote."

Mkalimani akamtazama. Akamtazama mama yake, aliyekuwa akisubiri neno tamu, shingo kaiinua.

Akatafsiri. Neno kwa neno. Jalala, makombo, mama mlevi, chupa, yote, hakupunguza wala hakuongeza. Akamalizia, "Anauliza yuko wapi binti huyo, amkumbatie."

Mama akashika ukingo wa kiti.

"Umefanya nini?" mmishonari akafoka kwa lugha yake. Akakinyakua kipaza sauti. "Ndugu zangu, msinielewe vibaya!"

"Anasema msimwelewe vibaya," mkalimani alisema. Sauti ilikuwa ya mwalimu, haikuhitaji kipaza sauti.

"Hii ni lugha ya ushuhuda tu! Kule kwetu bila machozi mtu hafungui mkono!"

"Anasema ni lugha ya ushuhuda tu. Kwao bila machozi mtu hafungui mkono."

"Usitafsiri hayo! Watu hawa ni kama watoto, hawawezi kuelewa!"

"Anasema nisitafsiri hayo. Ninyi ni kama watoto, hamwezi kuelewa."

"Nyamaza!"

"Anasema ninyamaze."

Nyuma mtu mmoja akapasuka kicheko, na kicheko kikatembea kiti kwa kiti mpaka mbele. Bwana Haleluya akageuka huku na huku, jasho linamtiririka. Waliokuwa wakimlilia kila Jumapili walikuwa wanamcheka usoni.

Mama akasimama. Kicheko kikakatika.

"Mwanangu, mtafsirie bibi mgeni, usipindishe. Mwambie mimi sijawahi kulewa hata siku moja. Divai ya meza ya Bwana yenyewe hunikohoza. Mwambie binti yangu kasoma kwa cherehani yangu, na vidole hivi. Mwambie na huyo anayekula makombo ndiye huyo aliyesimama ubavuni pake, amkumbatie kama bado anataka."

Mkalimani akayageuza yote kwa lugha ya wageni. Bibi mfadhili alisikiliza mpaka mwisho. Uso ukamwiva. Akamgeukia mmishonari.

"Ni kweli?"

"Bibi, ni... ni namna tu ya kuwasilisha."

"Nilikuwa nalia mbele ya picha ile," bibi alisema taratibu. Hakumkumbatia mtu. Alishuka, akaenda mbele ya fundi cherehani, akainamisha kichwa, akasema kitu kimoja.

"Anakuomba radhi, mama."

"Nimemsikia. Mwambie akae, amesimama sana."

*

Nje, karibu na geti, Bwana Haleluya aliwakimbilia. Mama na binti walikuwa wameshika njia ya nyumbani.

"Mpenzi, simama! Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Nimetafsiri."

"Hukuwahi kufanya hivyo!"

"Ndiyo. Hilo ndilo kosa langu. Nimekuwa nikikuvika kila Jumapili."

"Unasema nini?"

"Hujui hata ulichokuwa ukihubiri. Yaliyowaliza hayakuwa yako. Wewe uliwatukana, mimi nikawafariji. Na mimi mwenyewe nikaingia mkenge, nikadhani mfariji ni wewe."

Akapauka. Halafu akamshika mkono. "Lakini nakupenda. Hilo ni la kweli."

"Unampenda nani? Yule wa jalalani? Nenda kamtafute."

Akachomoa pete, akamwekea kiganjani, akakifunga kiganja chenyewe kama anavyomfumbatisha mtoto kalamu asiipoteze. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. Alimlilia yule mtu aliyepanda paani na nyundo, maana huyo alimpenda kwelikweli.

Mmishonari akaitazama pete. Akatazama kanisa, kelele bado zinatoka ndani, wageni wanamsubiri. Akamtazama tena yeye, na safari hii woga ulikuwa wa dhati.

"Basi subiri. Tuseme harusi imekufa. Lakini sasa hivi nikirudi mle ndani, na Jumapili zijazo... nani atanitafsiria?"

Mkalimani akakauka machozi papo hapo.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anauliza nani atamtafsiria."

"Ni maneno yake hayo, au umemtengenezea?"

"Yake, mama. Sijagusa hata neno."

Mama akamtazama Bwana Haleluya kuanzia utosini, akashuka naye polepole mpaka kwenye viatu, akarudi naye juu. Kisha akasonya. Msonyo mrefu, uliosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Bwana Haleluya hakumuuliza mtu maana yake.