Mbona Huketi, Dada?

Kila asubuhi Enesi alichota maji, akawafungulia mbuzi, kisha akakimbilia shule pale Mpemba. Alikuwa darasa la nne, na shule aliipenda kuliko chakula. Lakini wiki ile ya mwaka 1951 ilikuwa ya kuiaga. Dada Jenista, binti wa baba yake mkubwa, alikuwa amerudi kutoka Rodeshia ya Kaskazini kuja kumchukua.

"Bibi wa Kizungu anataka msaidizi mwingine wa lugha," Jenista aliwaambia wazazi wa Enesi. "Ni kumfundisha Kiswahili tu. Unakaa kwenye kiti, unakunywa chai, basi."

Baba Nathanaeli alifurahi mno. Mwaka uliopita kwaya nzima ilimsindikiza Jenista kwa nyimbo hadi mpakani Tunduma, na sasa zamu ilikuwa ya bintiye. Enesi naye alifurahi siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kuingiwa na shaka.

Mwalimu gani huyu mwenye makovu ya moto mikononi? "Ni chai iliniunguza," Jenista alisema, akishusha mikono ya gauni lake. Enesi hakuridhika hata kidogo. Tangu lini chai ikaacha alama yenye ncha kama ya pasi?

Jioni chakula kiliandaliwa. Jenista aliwanawisha wote mikono, kama binti yeyote mwenye adabu. Lakini badala ya kuketi mkekani alirudi ukutani, akaweka mikono nyuma, akasimama wima. Baba alipokohoa tu, aliruka kumletea maji.

"Mbona huketi, dada?" Enesi aliuliza. "Kule unakula saa ngapi?"

"Wakishamaliza wao," Jenista alijibu upesi, kisha akaziba mdomo.

Mama Leah akarudisha tonge sahanini. "Jenista mwanangu, kule unafanya kazi gani hasa?"

Machozi yakamtoka Jenista. "Nafua na kupiga pasi, mama mdogo. Kiswahili, yule bibi huniuliza maneno mawili matatu tu nikimpelekea chai. Kule watu wanasema Kibemba. Ameniagiza nilete msichana wa kusaidia kufua."

Enesi alipandwa na hasira. "Na mimi ungeniachisha shule, dada?"

"Mlinisindikiza kwa nyimbo!" Jenista alilia. "Ningerudije kuwaambia mimi ni dobi?"

"Nasi tumekosa," Baba alisema. "Tulikuimbia hata hatujui unakwenda kufanya nini. Lakini sikiliza, na Enesi asikie. Kufua ni kazi halali, haina aibu yoyote. Aibu ni kuipamba kwa uongo mpaka mwenzako aache njia yake akufuate. Jumatatu Enesi atakwenda shule."

"Nisamehe, mdogo wangu," Jenista alisema kwa sauti ndogo.

Hasira ya Enesi ilikuwa bado haijaisha. Hata hivyo alisogea, akaacha nafasi mkekani.

"Njoo uketi, dada. Ugali unapoa."

Jenista akatoka pale ukutani, akanawa mikono, akaketi kula pamoja nao.