Uji wa Mzazi Barazani

Usi Nahodha alikuwa hodari wa baiskeli kuliko mtu yeyote wa Paje. Hilo halikuwa na ubishi. Kazi yake ilikuwa kuchukua samaki kwa baiskeli kutoka Paje mpaka sokoni mjini, na kurudi kesho yake. Njia ile ndefu ya mawe na mchanga aliijua shimo kwa shimo. Lakini pamoja na uhodari wote huo, watu walimwita Simba wa Siku Moja, na jina hilo lilimuuma kama msumari ndani ya kiatu.

Jina lilikuja hivi. Kila mwaka, jua la Januari likiwa kali, palikuwa na mashindano ya baiskeli ya siku mbili. Siku ya kwanza washindani walitoka Mnazi Mmoja, mjini, wakaenda mpaka Paje, wakalala huko. Siku ya pili walirudi Mnazi Mmoja. Anayefika mwanzo siku hiyo ya pili ndiye mshindi. Kila kijiji na kila mtaa ulipeleka mtu mmoja tu.

Usi alishindana mara mbili. Mara zote mbili alifika Paje wa kwanza, na ngoma zikapigwa. Mara zote mbili, kesho yake, alikwama Tunguu, njiani kuelekea mjini. Miguu ilikaza, macho yakaona kiza, akakaa kando ya njia huku wenzake wakimpita. Mshindi alikuwa Abrahman, fundi cherehani wa mtaa wa Mkunazini, mjini, kijana mwembamba mwenye adabu nyingi. Alipompita Usi pale chini alimtolea salamu. Salamu ile Usi hakuisahau.

Mwaka huu Mzee Kificho, mkubwa wa chama cha baiskeli cha Paje, alisema mbele ya watu wote. Usi atashindana mara hii tu. Akikwama tena, nafasi atapewa Shaame, kijana mwengine wa Paje, na Usi hatapanda tena baiskeli kwa jina la Paje.

Mzee Kificho ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kijijini kuwa na baiskeli, na ndiye aliyeweka sheria za chama. Mpanda baiskeli akifika, hanywi maji mpaka jasho likauke. Maji juu ya jasho, alisema, huleta homa. Badala yake atakaa barazani na wanaume na kunywa kahawa chungu yenye tangawizi. Chakula hagusi mpaka mashindano yaishe, ili alale mwepesi na aamke mwepesi. Mimi sina ugomvi na kahawa ya barazani. Ni kitu kizuri na mazungumzo yake ni mazuri. Lakini sheria ile ilikuwa inamla Usi mzima mzima, na hakuna aliyeishika kwa nguvu kuliko Usi mwenyewe.

Siku moja mchana, wiki chache kabla ya mashindano, Usi alirudi kutoka mjini. Alikuwa ameikimbiza baiskeli njia nzima kwa ajili ya mazoezi. Alipita barazani akanywa kahawa yake, kisha akaenda nyumbani. Mkewe, Mwamvua, alikuwa ndani ya arubaini, zile siku mzazi anazopumzika baada ya kujifungua. Mtoto wao, Wanu, alikuwa bado mchanga sana. Bi Mwanamwema, mama yake Mwamvua, alikuwa jikoni akimpikia bintiye uji wa mzazi, wenye tui la nazi, sukari na pilipili manga.

Siku hiyo alikuwepo pia Bi Shemsa. Huyu alikuwa mkunga. Alisomea kazi yake hospitali, mjini, na sasa alizunguka vijiji vya kusini kuwatazama wazazi na watoto. Alikuwa amemshika Wanu mkononi Usi alipoingia. Usi aliegemeza baiskeli ukutani, kisha akaanguka chini ameshika mguu. Nyama ya mguu ilikuwa imekaza na kuwa ngumu kama jiwe.

Bi Shemsa alimpa Mwamvua mtoto, akaunyoosha ule mguu taratibu mpaka ukalegea.

"Umekula lini, mwanangu?" aliuliza.

"Jana usiku, Bi Shemsa. Nnafanya mazoezi. Mwili lazima uwe mwepesi."

"Na maji?"

"Jasho halijakauka."

Bi Shemsa alimwambia avue shati. Mgongoni jasho lilikuwa limeanza kukauka na kuacha mistari myeupe. Alimwambia apitishe kidole kwenye mstari mmoja, kisha akilambe.

"Una ladha gani?"

"Chumvi," alisema Usi.

"Chumvi hiyo imetoka mwilini mwako, pamoja na maji ndoo nzima. Haya, umeirudisha kwa kitu gani? Kwa kahawa?"

Bi Shemsa akamweleza, polepole, kwa sababu alitaka maneno yamkae. Jasho ni maji na chumvi, kwa hivyo anayetoka jasho jingi lazima arudishiwe vyote viwili. Atie maji safi kwenye kikombe, chumvi ya kubana kwa ncha za vidole tu, sukari kidogo na ndimu. Anywe kidogo kidogo, wala asisubiri jasho likauke. Homa haiji kwa maji safi. Dafu nalo ni zuri, na Paje minazi haikosekani. Ila chumvi isizidi, maana ikizidi nayo hudhuru.

Tena, alisema, miguu inapokanyaga baiskeli huwa inakula akiba ya mwili. Akiba hiyo hurudi kwa uji, wali, muhogo au ndizi. Nyama za miguu nazo huchoka na kuumia ndani kwa ndani, na zinataka samaki, mbaazi, mayai au maziwa ili zijijenge. Mtu ale mapema baada ya kufika, halafu alale vizuri. Kahawa hailishi mguu, na ikinywewa jioni huiba usingizi.

"Utajuaje kama maji yamekutosha?" alimaliza. "Tazama mkojo wako. Ukiwa mweupe kama maji ya ndimu, yametosha. Ukiwa kama chai ya rangi, bado una kiu, hata kama huisikii. Sasa anza na huo uji ulioko jikoni."

Usi alikunja uso. "Huo ni uji wa mzazi. Mie mwanamme."

Hapo Mwamvua, aliyekuwa kitandani na mtoto, akasema. "Mie nnalishwa kwa nini? Si kwa kuwa nimefanya kazi ngumu na mwili umepungukiwa? Na wewe umefanya kazi ngumu na mwili umepungukiwa. Au mwili wa mwanamme unajazwa kwa maneno ya barazani?"

Bi Mwanamwema hakungoja jibu. Aliweka bakuli mbele ya mkwewe akarudi jikoni. Usi aliunywa ule uji kwa hasira, bakuli zima, na akaomba jengine.

Lakini hakusadiki bado, na mimi simlaumu. Jambo la mwili linataka kujaribiwa. Wiki ile alienda mjini kwa kasi na kurudi kesho yake kwa kasi, akishika sheria ya Mzee Kificho. Tunguu, njia ya kurudi, aliisukuma baiskeli kwa mkono. Wiki ya pili yake akafanya safari ile ile, lakini kila alipofika alikunywa maji ya ndimu, akala uji, na jioni akala wali kwa samaki na mbaazi. Alirudi Paje anaimba.

Kijiji hakina siri. Habari ilifika barazani kwamba Usi anakunywa uji wa mzazi, na watu wakapata la kusema. Walimpa hongera ya kujifungua. Walimuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Asubuhi moja alikuta mkaja umefungwa kwenye usukani wa baiskeli yake. Mkaja ni kile kitambaa cha kumfunga mzazi tumbo baada ya kuzaa. Usi alinyoosha mkono akifungue kwa hasira. Kisha badala ya kukifungua akakikaza fundo, akapanda baiskeli akapita nacho mbele ya baraza, polepole, ili kila mtu akione vizuri.

Siku tatu kabla ya mashindano, Mzee Kificho alikuja mwenyewe nyumbani. Usi alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, akakaa ukumbini.

"Usi," alisema, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mzee, mie guu langu limevunjika kwa kulisikia. Mara mbili, pale Tunguu."

Mzee Kificho alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na alitaka Paje ishinde. Akatoa shauri. Usi anywe huo uji wake, lakini ndani, mlango umefungwa. Wageni wa mjini wasione. Nje akae na wanaume, ashike kikombe cha kahawa, heshima ya Paje ibaki.

Shauri lile lilikuwa tamu. Usi angepata uji na asichekwe na mtu. Alikuwa anafungua mdomo akubali, mara sauti ya Mwamvua ikatoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo Mzee Kificho. Kama uji huu ni aibu kwake, basi na mie nnalishwa aibu. Na Wanu ananyonya aibu. Na wewe mzee, mama yako alikunyonyesha nini?"

Usi aliona haya, lakini haya yake hayakuwa kwa ajili ya uji tena. Alikuwa karibu kuuficha uji nyuma ya mlango ule ule wanakolala mkewe na mtoto wake, kama kwamba nao ni aibu.

"Ntaunywa barazani, mzee," alisema. "Mbele ya mji mzima. Na nkishindwa, mpe Shaame nafasi, mie ntakuwa nshashindwa kwa njia yangu."

Mashindano yakaja. Siku ya kwanza Abrahman alifika Paje wa kwanza na Usi wa pili, kwa sababu mara hii Usi hakukimbilia ngoma. Njiani alikunywa maji kidogo kidogo kutoka kwenye chupa aliyoifunga kwenye baiskeli. Barazani walikuwa wamekaa wanaume wa Paje na wageni wa mjini. Mzee Kificho alimnyooshea kahawa bila ya kumtazama.

"Ahsante mzee. Baadaye," alisema Usi.

Bi Mwanamwema na Bi Shemsa wakatokea na sufuria. Walipita katikati ya wanaume, wakaiweka barazani, wakafunua. Harufu ya pilipili manga ikaenea. Mtu mmoja alicheka, halafu wote wakacheka. Mmoja alisema Paje mwaka huu imeleta mzazi kushindana. Usi alikunywa maji ya ndimu mpaka kiu ikaondoka. Akanywa uji, bakuli kwa bakuli, bila ya haraka na bila ya kuinamisha kichwa. Abrahman alikuwa na kahawa yake mkononi. Yeye hakucheka. Alikuwa akitazama sufuria.

Jioni Usi alikula wali kwa samaki, akalala mapema. Asubuhi akala ndizi, akaukaza tena ule mkaja kwenye usukani, akaondoka na wenzake.

Alipoikaribia Tunguu alikunywa funda moja la maji. Mahali pale palikuwa pamemzoea. Alingoja miguu ikaze, lakini haikukaza. Mbele yake alimwona Abrahman, mabega yamelala, anakanyaga kwa tabu. Usi alimfikia. Akampita, na alipokuwa sawa naye alimtolea salamu.

"Asalaam alaykum, fundi."

"Waalaykum salaam," alijibu Abrahman, na pumzi zilimtosha kwa hilo tu.

Usi aliingia Mnazi Mmoja peke yake, mkaja unapepea mbele. Watu walijaa pande zote mbili za njia. Mmoja wao, kwa mazoea, alipiga kelele: "Simba wa Siku Moja!"

"Hiyo ilikuwa jana," alisema Usi. "Leo ni ya pili."

Abrahman alifika baadaye, akaja moja kwa moja alipokaa Usi. Hakuuliza habari ya baiskeli wala ya mazoezi. Aliuliza kilichokuwemo ndani ya sufuria. Usi alimpa chupa yake ya maji ya ndimu, akamfundisha yote kama alivyofundishwa na mkunga, na shati akamwonyesha, na mistari ya chumvi akamlambisha. Walikaa pale wawili wakinywa, na watu wa mjini wakisikiliza.

Mwaka uliofuata sheria ya chama ilibadilika. Washindani walipofika Paje walikuta barazani mitungi ya maji ya ndimu, madafu yaliyokwisha kukatwa, na sufuria tatu za uji. Safari hii uji uliletwa na Mwamvua, na Wanu alikuwa kiunoni mwake, anatafuna kipande cha ndizi. Kahawa ilikuwepo pia, lakini ilikuja mwisho. Mzee Kificho aliwaeleza wageni kwamba chama cha Paje siku zote kimekuwa na desturi ya kuwalisha wapanda baiskeli wake, na hakuna aliyembisha.

Usi alifika na jasho linamchuruzika. Jina la Simba lilikuwa limekufa, lakini kijiji hakiwezi kukaa bila ya jina la mtu. Vijana waliokaa mwisho wa baraza wakamwita kwa pamoja, "Mzazi!"

"Naam," aliitika Usi, akanyoosha bakuli atiliwe uji.